Dawa ya Jino si Kung'oa Peke Yake

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Nachingwea na Ruangwa)



Tunashukuru kwamba mmeacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza. Tunajua kuna mikorosho inayongoja kupaliliwa, na kuna watoto wanaongoja kupikiwa. Kwa hiyo hatutawapotezea wakati.

Leo hatukuja na habari za mbegu, wala za mbolea. Tumekuja na habari ya jino. Tunaona wengine wanacheka. Chekeni tu, maana anayecheka ni yule ambaye jino lake halimwumi.

Wazee wetu walituachia msemo: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Msemo huo ulikuwa na haki yake, kwa sababu zamani hapakuwa na njia nyingine. Lakini siku hizi jino linaweza kutibiwa mpaka ndani ya mzizi, likabaki kinywani likitafuna. Swali letu ni hili: jino lililotibiwa mzizi hudumu kwa muda gani, nalo hudumishwa na kitu gani?

Tutatoa jibu kwanza, halafu tutalieleza. Jino hilo hudumu miaka mingi kama likifunikwa vizuri. Lisipofunikwa, hasa likiwa gego, mara nyingi huvunjika, na fedha yako yote inapotea.

KISA CHA MWENZETU

Mmoja wetu katika kazi hii ya elimu aliumwa gego la chini. Alimeza vidonge vya kutuliza maumivu karibu mwezi mzima. Usiku halali, mchana hafundishi. Mwisho alisafiri kwenda mjini, akatibiwa mzizi wa jino. Aliyemtibu akamwambia, "Hapa tumekuzibia kwa muda tu. Rudi baada ya wiki 2 tukuvishe kofia."

Mwenzetu akarudi nyumbani. Jino kimya, halina maumivu hata kidogo. Akapiga hesabu ya nauli na bei ya kofia, akaona ni fedha nyingi kuliko alizolipa kwa mzizi. Akajiambia, "Jino limekwisha pona, nirudi kufanya nini?" Fedha ile akanunulia mabati.

Miezi minane baadaye alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma. Akasikia ka! Gego limepasuka katikati, mpaka chini ya ufizi. Jino la namna hiyo haliungiki. Likang'olewa.

Mwenzetu huyu ametupa ruhusa tuyaseme haya, ila majuto yake ni moja. Anasema, "Aliyenitibu hakunieleza kofia ni ya nini, na mimi sikuuliza. Nilidhani ni pambo." Basi leo tumekuja kueleza kofia ya jino ni ya nini, ili mtu mwingine asipoteze jino kwa kukosa neno moja la maelezo.

JINO LIMEJENGWAJE?

Jino lina sehemu tatu. Nje kuna gamba jeupe, gumu kuliko mfupa. Ndani ya gamba kuna sehemu ya manjano kidogo, ngumu kiasi. Katikati kabisa kuna kiini, nacho ni laini, kina mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Kiini hicho huteremka mpaka ncha ya mzizi kwa vijia vyembamba sana. Meno ya mbele kwa kawaida yana kijia kimoja. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi 2 na vijia 3, na magego mengine yana vijia 4.

Watu husema jino limeliwa na mdudu. Hakuna mdudu mwenye miguu na kichwa. Kuna vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari iliyobaki kinywani na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha gamba la jino. Tundu likiwa dogo, hausikii kitu. Likifika karibu na kiini, maji baridi yanakuchoma. Vijidudu vikiingia ndani ya kiini, hapo ndipo usiku unakuwa mrefu. Baadaye kiini hufa, na usaha hukusanyika kwenye ncha ya mzizi.

Tahadhari, ndugu zetu. Vidonge vya kununua dukani vinaweza kutuliza maumivu, lakini vijidudu vimebaki ndani ya jino. Wala usitie tunduni maji ya betri, wala mafuta ya ganda la korosho. Mnajua wenyewe mafuta hayo yanavyobabua vidole wakati wa kubangua. Itakuwaje kwenye ufizi?

KUTIBU MZIZI NI NINI?

Daktari wa meno hukuchoma kwanza sindano ya ganzi. Halafu hutoboa jino kwa juu, akatoa kiini kilichooza. Husafisha kila kijia kwa vyuma vyembamba kama sindano ya kushonea, vyenye meno kama tupa. Huosha kwa dawa ya kuua vijidudu. Mwisho huvijaza vijia kwa kitu laini kinachoitwa gata-pacha. Hicho asili yake ni utomvu wa miti ya huko Malaya, ndugu wa mpira. Kwa picha ya eksirei daktari huangalia kama vijia vimejaa mpaka mwisho.

Tulipokuwa tukieleza haya huko Ruangwa, bibi mmoja alinyosha mkono akatuuliza, "Wanangu, jino limekwisha kufa, mnalivisha kofia ya nini? Maiti huvishwa kofia?" Watu wakacheka sana. Lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa.

Tulimjibu hivi: "Bibi, shikamoo. Jino halikufa lote. Kilichotolewa ni kiini. Kwa nje, mzizi bado umeshikwa na nyuzi hai na mfupa ulio hai. Ndiyo maana ukitafuna bado unajua umeuma kitu kigumu au laini. Jino hilo ni kama nguzo iliyosimama imara ardhini, ila kwa juu mchwa wameila katikati. Chini ni nzima, juu ina tundu. Ukiiwekea mzigo itapasuka."

Bibi akasema, "Sasa nimeelewa. Mnaifunga kamba nguzo." Naam, ndivyo hivyo.

KOFIA HUFANYA KAZI GANI?

Kofia ya jino ina kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuzuia jino lisipasuke. Angalieni kisu au patasi ya seremala. Pale chuma kinapoingia kwenye mpini pana pete ya chuma, wengine huiita noleo. Pete hiyo huukaza mpini usipasuke. Kofia hulikaza jino vivyo hivyo. Lakini pete haiwezi kushika hewa, lazima ipate mti. Kwa hiyo wataalamu hutaka juu ya ufizi ubaki ukingo wa jino zima wenye kimo cha milimita 1.5 mpaka 2, kulizunguka jino. Chukueni rula mtazame: milimita 2 ni nafasi mbili ndogo tu. Nafasi hizo mbili ndizo zinazoamua kama kofia itakaa au itang'oka.

Kazi ya pili ni kuzuia mate na vijidudu visirudi ndani. Mwaka 1995 wataalamu wawili, Ray na Trope, walitoa matokeo ya kuchunguza kwa eksirei meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi. Pale ambapo mzizi ulijazwa vizuri na jino likafunikwa vizuri, meno 91 kati ya 100 hayakuonyesha ugonjwa kwenye ncha ya mzizi. Pale ambapo kazi zote mbili zilikuwa mbovu, ni meno 18 tu kati ya 100 yaliyokuwa salama. Mnaona, ndugu? Ni sawa na kujenga kihenge kizuri, halafu usikitie kifuniko. Panya hatapitia ukutani, ataingia kwa juu.

HESABU ZINASEMAJE?

Ninyi ni wahitimu, mnajua kusoma hesabu. Haya, tusome pamoja.

Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya meno 1,462,936 yaliyotibiwa mizizi huko Marekani. Baada ya miaka 8, meno 97 kati ya kila 100 yalikuwa bado kinywani. Kwa hiyo anayesema jino lililotibiwa mzizi halidumu anakosea. Lakini walipoyachunguza yale yaliyong'olewa, walikuta kwamba 85 kati ya kila 100 hayakuwa yamefunikwa kwa kofia kamili.

Mwaka 2002, Aquilino na Caplan, pia wa Marekani, walionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuvishwa kofia yalipotea mara 6 zaidi kuliko yale yaliyovishwa.

Lakini mwanakisomo mzuri hamezi hesabu bila kuitafuna. Kuna mambo matatu ya kufikiri.

Kwanza, watu wale wa mwaka 2004 walikuwa na bima ya meno. Hali yao si sawa na ya mtu anayesubiri kuuza korosho ndipo aende hospitali.

Pili, huenda madaktari walivisha kofia yale meno waliyoyaona yana nguvu tangu mwanzo. Kwa hiyo si kofia peke yake iliyoyaokoa.

Tatu, meno hayalingani. Sorensen na Martinoff mwaka 1984 waliangalia meno 1,273. Waliona kwamba kofia ilisaidia sana magego makubwa na madogo, lakini kwa meno ya mbele haikuongeza faida kubwa. Sababu yake ni kwamba kazi ya kusaga iko nyuma. Tena, jino ambalo halikuliwa sana linaweza kuzibwa tu, bila kofia. Mwaka 2002 magego madogo 117 yalilinganishwa kwa miaka 3. Mengine yalivishwa kofia, mengine yalizibwa vizuri kwa dawa inayonata. Hapakuonekana tofauti kubwa kati yao. Hii ni habari njema kwa mwenye fedha kidogo. Uliza, "Jino langu laweza kuzibwa tu, au lazima livishwe kofia?"

KOMPYUTA INAYOCHONGA MENO

Sasa tuje kwenye jambo jipya. Kwa njia ya zamani, daktari hukuumisha kitu laini mfano wa ugali mbichi, apate alama ya jino lako. Alama hiyo humwagiwa plasta. Fundi huchonga kofia juu yake, nawe hungoja siku nyingi. Kwa mtu wa Dar es Salaam si kitu. Kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa, kungoja ni kula na kulala kwa watu mjini, au kulipa nauli mara mbili. Hapo ndipo watu wengi huishia na jino lililozibwa kwa muda, kama mwenzetu wa mabati.

Kwa njia mpya, kamera ndogo huingizwa kinywani ikapiga picha za jino. Kompyuta huchora kofia kwa kipimo cha jino lako. Halafu mashine huchonga kofia hiyo kutoka kwenye kipande kigumu cha kauri, jamii ya ile ya vikombe vya chai, ila ngumu zaidi. Pahali penye mashine zote, kazi inaweza kumalizika siku moja.

Njia hii si ya jana. François Duret wa Ufaransa alianza kuifikiria katika miaka ya 1970. Tarehe 19 Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Zürich, nchini Uswisi, mgonjwa wa kwanza alitiwa kipande cha jino kilichochongwa kwa mashine hiyo siku ile ile. Waliobuni ni Werner Mörmann, daktari wa meno, na Marco Brandestini, mhandisi. Vipande vya miaka ile ya mwanzo vilifuatiliwa kwa muda mrefu. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba baada ya miaka ipatayo 27, vipande kama 87 kati ya 100 vilikuwa bado vinafanya kazi.

Lakini tusidanganyane. Hesabu hiyo ni ya vipande vilivyotiwa kwenye meno kwa jumla, si kwenye meno yaliyotibiwa mizizi peke yake. Kwa meno yaliyotibiwa mizizi, uchunguzi wa mwaka 2005 huko Zürich ulionyesha kwamba kofia za kompyuta zilizonatishwa ndani ya tundu la jino lenyewe zilistahimili vizuri kwenye magego makubwa kuliko kwenye magego madogo. Sababu yake si ngumu. Gego kubwa lina nafasi pana ya kunatia. Gego dogo lina nafasi finyu.

Basi somo ni nini? Kompyuta inapunguza siku za kungoja, na inachonga kwa kipimo kizuri. Haiwezi kurudisha ukuta wa jino uliokwisha oza. Ukichelewa nyumbani mpaka jino likabaki ganda, hata mashine ya Uswisi haitakusaidia. Na ukikosa kofia ya kompyuta ukapata ya fundi, usisikitike. Kofia ya fundi iliyokaa vizuri ni kofia.

SISI WA HUKU TUFANYEJE?

Mwaka 2008 wataalamu wa Tanzania walitoa matokeo ya kuwauliza watu wazima 1,759 nchini. Watu kama 59 kati ya 100 walikuwa wamepata maumivu ya kinywa katika miezi 12 iliyopita. Lakini kati ya hao walioumwa, karibu robo tu ndio waliokwenda kutibiwa hospitali. Sababu ya kwanza ilikuwa kukosa fedha za matibabu. Wengine walijitibu wenyewe, wengine walidhani maumivu yataisha. Na watu wa vijijini walilalamika zaidi kwamba kliniki ni mbali.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Ziba mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo huzibwa mara moja, mzizi hautaguswa, kofia haitahitajika. Na tujivune kidogo: njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala mashine, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe kwa nchi zote mwaka 1994. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu.

2. Anza na hospitali ya wilaya. Ukiambiwa "tung'oe", uliza kwa heshima, "Daktari, jino hili laweza kuokolewa? Kama hapa haiwezekani, nipate barua ya kwenda wapi?" Kuuliza si utovu wa adabu.

3. Kabla ya kutibiwa mzizi, uliza bei mbili kwa pamoja: bei ya mzizi na bei ya kufunika. Ongeza nauli na chakula. Andika kwenye daftari lako. Kama fedha ya kufunika haipo na haitapatikana karibuni, mwambie daktari kabla hajaanza. Huenda akakuzibia kwa njia imara ya kulinda kingo za jino.

4. Usitie mahindi ya kuchoma wala mfupa kwenye jino lililozibwa kwa muda. Tafunia upande wa pili, na urudi siku uliyoambiwa, hata kama haliumi. Jino lililotolewa kiini halina tena kengele ya ndani ya kukuonya kwamba linatoboka.

5. Kofia haiozi, lakini ukingo wa jino chini yake unaoza. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, na punguza sukari.

6. Ukivimba uso, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje mnada wa korosho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usaha wa jino unaweza kuua.

Tunaongeza neno moja la haki. Yapo meno yasiyookoka. Jino lililopasuka mpaka mzizini, au lililobaki bila ukingo, au linalolegea sana, daktari akikuambia ling'olewe, msikilize. Kung'oa ni dawa mojawapo. Tunachokataa ni kuifanya dawa ya kwanza kwa kila jino.

TUNAMALIZIA

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kama milioni 2 kwenye vikundi vya redio nchini Tanzania. Watu walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Elimu ilionekana kwa jembe. Elimu ya leo nayo tunataka ionekane. Mtu akitoka hapa, amwulize mama yake, mume wake na mwanawe: "Una jino lenye tundu? Una jino lililotibiwa likaachwa bila kufunikwa?" Kama lipo, lihangaikiwe sasa, fedha za ufuta au korosho zikiingia, kabla hazijageuka mabati.

Mwenzetu yule sasa anatafunia upande mmoja. Mabati yake yapo, hayavuji. Lakini anasema kila akipita penye mahindi ya kuchoma hulishika shavu lake.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini jino linaweza kuacha kuuma na bado likawa hatarini?
2. Kofia ya jino ina kazi gani mbili?
3. Kompyuta inasaidia nini, na haiwezi kusaidia nini?
4. Pigeni hesabu: nauli na matibabu ya kuziba tundu dogo leo, na nauli na matibabu ya mzizi na kofia mwakani. Ipi kubwa?